Vidonge vya Damu Visibaki Mkobani

Mtu apitaye Busia siku ya soko, upande wa Kenya au upande wa Uganda, hakosi kuwaona kina mama waja wazito wakinunua vitu viwili: fungu la udongo wa kula, na chupa ya kinywaji chekundu kisemwacho kuwa chaongeza damu. Wengi wa kina mama hao wana vidonge vya chuma mkobani, walivyopewa kliniki, nao hawavimezi. Sisi hatuwacheki. Lawama yetu tunaielekeza kwa namna vidonge hivyo vinavyotolewa.

Wekundu wa kinywaji si chuma. Ama udongo, hamu ya kuula mara nyingi ni dalili ya mwili uliopungukiwa na chuma, na ubaya wake ni kuwa udongo huo huo hukishika chuma kilichomo tumboni kisipate kuingia mwilini. Hivyo mgonjwa hununua kwa fedha yake kile kinachomzidishia maradhi.

Na kwa nini vidonge havimezwi? Kwa sababu vinakoroga tumbo, vinafunga choo, na choo chenyewe hugeuka cheusi. Mama aonapo hivyo hudhani amepewa sumu, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba weusi ule ni mabaki tu ya chuma ambacho mwili haukukitumia. Maneno hayo hayahitaji dakika mbili za muuguzi. Angeongeza dakika ya tatu, angemweleza pia kwamba chai hukizuia chuma, basi kidonge kisimezwe na chai wala mara baada yake; kwamba chungwa au pera hukisaidia kuingia mwilini; na kwamba kichefuchefu kikizidi, kidonge kimezwe pamoja na chakula. Kuna na kosa jingine, la kuacha dawa mara nguvu zinaporudi. Damu huweza kupanda kwa majuma machache, lakini akiba ya chuma bado ni tupu. Ndiyo maana waganga huagiza dawa iendelezwe kama miezi 3 baada ya damu kutengemaa.

Kwa watoto jambo hili ni zito zaidi, na hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Nchi hii ya Busia na Tororo ni nchi ya malaria. Huko Nagongera, wilayani Tororo, wataalamu waliopima mwaka 2001 na 2002 walikuta mtu mmoja hupata kwa mwaka zaidi ya maumo 500 ya mbu wenye vimelea. Vyandarua, na upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza huko mwishoni mwa mwaka 2014, vilipunguza balaa hilo sana, lakini havikulimaliza. Malaria hupasua chembe za damu, na wakati wa homa mwili huufunga mlango wa chuma. Mtoto aweza kuwa na viganja vilivyopauka ilhali tatizo lake la kwanza si chuma. Wengine wana selimundu.

Huko Pemba, watoto wadogo walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza mmoja mmoja. Sehemu hiyo ya utafiti ilibidi isimamishwe mwaka 2003, kwa kuwa waliopewa chuma walizidi kulazwa hospitali na kufariki. Taarifa ilipochapishwa mwaka 2006 wako waliokimbilia kusema chuma ni hatari, basi kiachwe. Huko ni kusoma nusu ya barua. Katika kundi dogo la watoto wa Pemba waliopimwa na kutibiwa malaria yao, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika nacho. Shirika la Afya Duniani nalo linaagiza chuma kitolewe penye malaria, mradi kiende sambamba na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Basi mzazi anayenunua chupa ya dawa ya damu dukani, mtoto akiwa na homa na hajapimwa, anafanya jambo la hatari.

Kisha kuna safura. Mwaka 1998 wilaya ya Busia, Kenya, ilianza kutoa dawa za minyoo katika shule 75, na wanafunzi zaidi ya 9 katika kila 10 waliopimwa walikutwa na minyoo ya namna moja au nyingine. Utoro shuleni ulipungua kwa kiasi cha robo. Mnyoo wa safura hunywa damu, na chuma kikaondoka nayo. Kumpa mtu vidonge na kumwachia safura ni kujaza mtungi uliotoboka. Chakula nacho kina sehemu yake. Samaki wadogo waitwao omena upande mmoja na mukene upande wa pili wana chuma ambacho mwili hukipokea vizuri kuliko kile cha mboga.

Limebaki la mpakani. Mama huanza kliniki Tororo, akajifungulia kwa dada yake Busia ya Kenya, na njiani akanunua vidonge vingine dukani. Vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5 huvunja nguvu ya dawa ya SP anayopewa kumkinga na malaria. Kipimo kimfaacho kwa siku ni miligramu 0.4. Nani atamwonya, ikiwa muuguzi wa ng'ambo hakuitazama kadi yake? Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha Busia kimefunguliwa rasmi ili lori likaguliwe mara moja tu, na maofisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja. Tunaziomba wizara mbili za afya zikubaliane juu ya kadi moja ya mja mzito, yenye safu ya kipimo cha damu, ya malaria, ya dawa ya minyoo na ya vidonge alivyopewa, isomwe na muuguzi wa upande wowote.