Mizani ya Angani Isipunjwe

Sokoni Kariakoo mizani ni jambo la heshima. Mfanyabiashara anayepunja kilo ya mchele hupigiwa kelele papo hapo, na Wakala wa Vipimo unayo mamlaka ya kumchukulia hatua. Lakini wako wanunuzi ambao, baada ya kudai haki yao sokoni, hufika kiwanja cha ndege na vifurushi vya Mtaa wa Kongo, tayari kuvuka kwenda Unguja, Pemba au Mafia, wakaficha vitu vizito kwenye mikoba ya mkononi ili visipimwe. Hilo ni kosa, nasi tunalikemea waziwazi.

Ndege nyingi zinazowavusha ndugu zetu wa visiwani ni ndogo, zenye injini moja na nafasi za abiria wachache. Kwa ndege ya namna hiyo kila kilo ina hesabu yake. Uzito ukizidi, ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na hupanda kwa shida. Mzigo ukielemea nyuma, rubani huweza kushindwa kuitawala. Na injini ikizimika juu ya bahari, hakuna ya pili ya kumfikisha pwani.

Mwezi Septemba, 1936, Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro nchini Kenya enzi za ukoloni, aliondoka Uingereza peke yake katika ndege ndogo ya injini moja, akavuka Bahari ya Atlantiki kwa zaidi ya saa 20 akipingana na upepo. Ujasiri alikuwa nao tele. Hata hivyo barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mafuta, injini ikazimika, akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alipona kwa kuwa alikwisha kuifikia nchi kavu. Tundu dogo tu lilitosha kuishinda safari kubwa.

Katika bahari yetu wenyewe, tarehe 26 Februari, 2022, ndege ndogo iliyotoka Moroni kwenda Mwali, Visiwa vya Komoro, ilianguka baharini ikiwa na watu 14. Huko huko Komoro, tarehe 23 Novemba, 1996, ndege kubwa ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Baadhi yao walijaza hewa majaketi ya kujiokolea wakiwa bado ndani, na maji yalipoingia wakanaswa humo, wasiweze kutoka.

Nasi tulipata msiba wetu Bukoba, tarehe 6 Novemba, 2022. Ndege yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria. 19 walifariki, 24 wakaokolewa. Wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika.

Hatusemi haya ili kuwatia wananchi hofu. Kwa mgonjwa wa Mafia ndege ndogo ni neema. Tunalosema ni kwamba neema hiyo yataka ulinzi.

Kwa hiyo tunazitaka mamlaka zinazohusika zihakikishe kwamba mizani ya viwanja vyote vidogo inakaguliwa kwa ukali ule ule wa mizani ya sokoni, na kwamba mwenye ndege anayepokea mzigo uliozidi kwa tamaa ya fedha anaadhibiwa. Abiria waelezwe kwa Kiswahili fasaha, kabla ya kuruka, kwamba jaketi huvaliwa ndani lakini hujazwa hewa nje. Na wavuvi wa pwani na visiwani wapewe mafunzo, vifaa na njia ya kuitwa mara moja ajali inapotokea.

Kwa abiria tunasema: mpimaji anayekuambia upunguze mzigo hakuonei. Kifurushi kilichobaki Dar es Salaam leo kitafuata kesho kwa boti. Roho iliyozama haina boti ya kuifuata.