Tukipanda, Takbiri, Tukiteremka, Tasbihi



Amma baad. Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu ambao ndio nguzo za nyumba, wiki iliyopita nilikuwa Hewani kwa darsa. Baada ya sala ya Alasiri watu walipokwisha kutawanyika, mama mmoja alibaki barazani. Ni mjane, na mwanawe wa kiume ni mmoja tu, kijana wa miaka 19, ndiye mkono wake wa kulia katika shamba la mpunga. Akaniambia: "Maalim, mwanangu ataka kwenda milima ya Usambara kwa baiskeli, yeye na wenziwe watatu. Nimemkataza, naye amenyamaza. Sasa naogopa kunyamaza kwake kuliko nilivyoogopa maneno yake. Nakuomba umwambie kuwa dini yakataza. Wewe atakusikia."

Nilimwonea huruma sana. Waliokuwako katika bonde hili la Tana mwaka 2012, vijiji vilipochomwa na jirani akamwogopa jirani, wanajua kwa nini mama wa huku hukaa mlangoni jua likichwa na mwana hajarudi. Hofu yake haikuwa upuuzi. Lakini alichoniomba sikuweza kumpa. Kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu si jambo jepesi, hata kama nia ni kumtuliza mzazi. Qur'ani inatuita mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame na tuzingatie, na katika Surat An-Nahl, baada ya kutajwa farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo, tunaambiwa kuwa Mola huumba na tusivyovijua. Sioni kwa nini baiskeli isiingie humo.

Ilinibidi nimsimulie kisa changu, nami nakisimulia hapa kwa kuwa kina funzo. Mwaka 1989 nilikuwa mwanafunzi wa madrasa mjini Tanga. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Muheza, alinishawishi twende Amani, katika Usambara ya Mashariki, kwa baiskeli. Nilimwandikia mama yangu barua kuwa wiki hiyo nitakuwa darasani nikidurusu nahau. Huo ulikuwa uongo, tena wa kuandikwa kwa wino. Tulipanda salama. Wakati wa kuteremka, baiskeli niliyoazima ilikuwa na breki moja tu iliyoshika, nayo ikachoka. Nilitupwa kwenye kona, nikavunjika mfupa wa bega. Mama alipata habari kwa watu kabla ya kuipata kwangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Na lau ungekufa, ningekuombea dua nikidhani uko wapi?" Swali hilo sijalijibu hadi leo, naye amekwisha tangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana kuwa mlima ni haramu. Naweza kumwambia kuwa ruhusa ya mama si jambo dogo. Mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wa hai, aliposema ndiyo, akaamrishwa arudi akapigane jihadi yake katika kuwatumikia. Ikiwa hiyo ni hukumu ya vita vya dini, safari ya matembezi itakuwaje?

Nilimwita kijana siku ile ile, tukakaa watu watatu. Nilimtaka aieleze safari mbele ya mama yake, kituo baada ya kituo. Nikagundua kuwa mama alikuwa amekataza kitu asichokijua, na kijana alikuwa ameomba kitu asichokipanga. Basi tukaipanga.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni kama kilomita 110 za lami, jua kali na vivuli vichache. Ukitoka Malindi unapakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kuanzia upande wa Gede, kisha Kilifi, na Mombasa baada ya kilomita 120 hivi. Unavuka Likoni kwa feri, unafuata pwani ya kusini karibu kilomita 100 hadi Lunga Lunga. Ng'ambo ya mpaka ni Horohoro, na hapo ni zaidi ya kilomita 60 kuingia Tanga. Kutoka Tanga ni Muheza, na kutoka Muheza barabara inauacha uwanda na kuelekea milimani. Jumla ni zaidi ya kilomita 450. Kwa vijana wasiozoea, ni siku nane au tisa kwenda tu.

Kutoka Zigi, palipo na nyumba ya zamani ya mkuu wa kituo cha reli ya Wajerumani, barabara huanza kupanda ndani ya msitu kona juu ya kona, kama kilomita 10, mpaka Amani iliyo kiasi cha mita 900 juu ya bahari. Wajerumani walifungua hapo taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902 na wakapanda miti ya kila bara. Mwaka 1997 msitu ukawa hifadhi. Sisi tuliozaliwa katika joto hupigwa na bumbuwazi: ukungu asubuhi, maji yakichuruzika kila bonde, kisha mashamba ya chai. Na adhana unaisikia huko juu, kwani Waislamu wamejaa katika milima ile.

Jambo moja nililielewa baadaye. Maji ya mto Zigi ndiyo yanayonyweshwa mji wa Tanga. Msitu ukikatwa juu, bomba hukauka chini. Na mto wetu wa Tana ni vivyo hivyo: haukuzaliwa Garsen, umezaliwa Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukasafiri kama kilomita 1,000 hadi kutufikia. Mtoto wa Hewani aliyeuona mlima huelewa mafuriko na ukame wa kwao kuliko aliyesomewa tu. Hiyo pia ni ilimu.

Nikawapa nasaha, nami nazirudia kwa kila nyumba yenye kijana mwenye hamu kama hiyo.

Ya kwanza ni wakati. Manahodha wetu hawakusafiri kuelekea kusini kwa pepo za kusi, na mpanda baiskeli ni vivyo hivyo. Ukitoka Garsen wakati wa kusi utakanyaga siku nzima upepo ukikusukuma kifuani. Ngojeni kaskazi, Januari na Februari, upepo uwe mgongoni na mvua za milimani zimepungua. Joto lake mtalikwepa kwa kuondoka baada ya Alfajiri na kupumzika kabla ya Adhuhuri. Kurudi, pakieni baiskeli kwenye basi, hakuna aibu.

Ya pili ni chombo. Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga aliambiwa amfunge kwanza kisha ndipo amtegemee Mola. Ngamia wenu ni breki. Zote mbili zikaguliwe na fundi kabla ya safari, na tena Muheza kabla ya kupanda. Chukueni tyubu, viraka, pampu na mnyororo wa akiba. Mzigo ufungwe pande zote mbili za keria kwa uzani sawa. Mkiteremka, msiibane breki moja mfululizo. Shikeni na kuachia, na mkiona mwendo unawazidi, shukeni mtembee.

Ya tatu ni uongozi. Mtume (S.A.W.) alielekeza kuwa wasafiri wakiwa watatu, wamteue mmoja wao kuwa amiri. Nyinyi ni wanne. Amiri asiwe mwenye nguvu zaidi, bali mwenye subira zaidi, na mwendo uwe wa aliye dhaifu wenu.

Ya nne ni ibada. Safari ikifikia marhala mbili, ambazo wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi huzikadiria kuwa zaidi ya kilomita 80, msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Hesabu ni ya mwisho wa safari, si ya kituo cha siku, basi ruhusa huanza mara mnapouacha mji wenu. Ruhusa ni sadaka ya Mola. Ipokeeni, wala msiifanye sababu ya kuacha sala kwa kisingizio cha uchovu. Na pale Zigi mtakapoanza kupanda, kumbukeni aliyoyasimulia Jabir: masahaba walikuwa wakipanda, hupiga takbiri, wakiteremka, hufanya tasbihi. Mimi nilipanda Amani nikipiga soga na nikateremka nikipiga mayowe. Anayesema Allahu Akbar kwenye mwinuko hukumbuka kuwa kuna aliye juu zaidi ya kilele alichokifikia. Anayesema Subhanallah kwenye mteremko hukumbuka kuwa kushuka ni kwake yeye mja, si kwa Mola wake. Na atakayetamka tasbihi kwa utulivu hataweza kuteremka kama mwendawazimu.

Mama zetu watauliza: na mabinti je? Kupanda kipando hakukuwa aibu kwa wanawake wa mwanzo, Mtume (S.A.W.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa bora wa wapanda ngamia na wenye huruma zaidi kwa watoto wao. Binti anayekwenda skuli kwa baiskeli akiwa amejisitiri hana kosa, na anayemcheka ndiye mwenye kosa. Safari ya mbali ina sharti zake, na sharti kubwa ni maharimu na usalama. Basi nyinyi akina baba, badala ya kukataza na kulala, wapelekeni wenyewe, angalau siku moja hadi kwenye misitu yetu ya mtoni. Kima wekundu wa Tana na mangabei wetu hawapatikani porini popote duniani ila kando ya mto huu, na mna watoto hapa waliokwenda Mombasa mara kumi bila kuwaona hata mara moja.

Tulipomaliza, kijana alimgeukia mama yake akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kabla: "Mama, usiponipa radhi, siendi. Wala sitanuna." Mama alinyamaza kitambo. Kisha akatoa masharti yake, nayo yalikuwa bora kuliko yangu yote. Waanze na safari ya siku mbili, Malindi na kurudi, naye aone wanarudi vipi. Mpunga uvunwe kwanza. Na kila Magharibi apige simu yeye mwenyewe, si mwenzake, ili aisikie sauti yake. Mmoja wa wale wanne ni kijana wa Kiorma. Mama akasema huyo naye alale kwake usiku wa kuamkia safari, ili wapate futari ya asubuhi katika sinia moja.

Sijui kama watafika Amani. Ninachojua ni kuwa atakayetoka Hewani safari hii, mama yake atajua amwombee dua akiwa wapi.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, awape wazazi utulivu wa moyo, na atusamehe sisi tuliosafiri bila radhi.

Wabillahi tawfiq.