Nyota, Meno ya Juu na Mfalme Simba



Katika juma hili tumeona vema tutafakari pamoja juu ya jambo linalowagusa hasa vijana wetu wa Lushoto, Soni, Bumbuli na Mlalo. Ni vijana wanaopenda hadithi, na kupenda hadithi si kosa. Wanasoma riwaya, wanatazama filamu kwenye simu, wanafuatilia simulizi za majini, wafalme na mashujaa. Lakini kando ya hadithi hizo wanakuta ukurasa wa nyota: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba na ndugu zao hadi Samaki. Wengine wamefika mahali pa kumkataa mchumba kwa sababu yeye ni Nge na mwenzake ni Ndoo. Tunaulizwa mara kwa mara: je, mambo haya yana ukweli wowote? Na kama hayana, mbona hadithi zinazotusisimua zimejaa watu waliozaliwa na alama, waliotabiriwa, walioandikiwa?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Milima yetu yenyewe inayo hadithi iliyo kubwa kuliko filamu nyingi. Ni hadithi ya Mbega.

Abdallah bin Hemedi, Mwislamu mwenye elimu aliyewajua watawala wa nchi hizi kwa karibu, aliiandika katika kitabu chake "Habari za Wakilindi". Kitabu hicho kilipigwa chapa na wamisionari wa Kianglikana huko Magila, sehemu baada ya sehemu, kuanzia mwaka 1895, kisha kikatolewa upya mwaka 1962. Anatusimulia kwamba Mbega alizaliwa Nguu, naye alikuwa kigego: meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini. Wazee wetu wanajua maana ya neno hilo. Kigego alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo wake, na katika makabila mengi ya nchi hizi mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Mbega aliachwa hai, lakini ndugu zake walimnyima urithi, wakimtupia lawama za vifo vya watu wa nyumba yao. Akawa mwindaji wa nguruwe pamoja na mbwa wake. Kisha mtoto wa mtawala wa Kilindi akauawa na nguruwe alipokuwa akiwinda pamoja naye, na Mbega akalazimika kukimbia.

Huyo mkimbizi ndiye aliyepanda milima ya Usambara. Aliwapa Washambaa nyama, nao wakampa chakula cha mashamba yao. Aliamua magomvi yao kwa haki. Usiku mmoja aliua simba. Mwishowe watu wa Vugha wakamfanya mfalme, wakamwita Simbamwene, yaani Mfalme Simba.

Msomaji kijana atashtuka kusikia jina hilo, kwa maana analijua kutoka kwa filamu ya Marekani ya mwaka 1994, "The Lion King", yenye simba mdogo aliyesingiziwa kifo cha baba yake, akakimbia ugenini, akarudi kuwa mfalme. Hatusemi kwamba Wamarekani walichukua habari za Vugha. Tunasema kwamba mwanadamu, popote alipo, anayo sura chache za asili ambazo huzirudia katika hadithi zake: mtoto aliyekataliwa, mkimbizi anayerudi, shujaa asiyeshindika ila mahali pamoja. Fumo Liyongo wa pwani yetu hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Achilles wa Wayunani hakuweza kuuawa ila kwa jeraha la kisigino. Waliosimulia habari hizi mbili hawakujuana, lakini wote walijua kwamba hakuna mwenye nguvu asiye na mahali pa udhaifu.

Mtaalamu wa Uswisi, Carl Jung, alizifanyia kazi sura hizi za asili maisha yake yote. Mwaka 1925 alifika hata Afrika Mashariki, akakaa na wenyeji wa Mlima Elgon na kuwauliza juu ya ndoto zao. Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alichapa kitabu kilichokusanya njia ya shujaa wa mataifa mengi na kuifanya kuwa njia moja. George Lucas alikitumia katika kutunga "Star Wars" ya mwaka 1977. Katika miaka ya 1980 Christopher Vogler, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Disney, alikifupisha katika waraka wa kurasa chache ambao watunzi wa filamu walipokezana. Hivyo, kijana anapohisi kwamba filamu tatu alizotazama zina mifupa ileile, hakosei. Mifupa hiyo imewekwa kwa makusudi.

Hapa ndipo tunapopaswa kupambanua. Kusema kwamba hadithi zina sura za asili ni jambo moja. Kusema kwamba mtu aliye hai amefungwa ndani ya sura hiyo tangu kuzaliwa ni jambo jingine kabisa. Jung mwenyewe alivutwa na unajimu. Katika andiko lake la mwaka 1952 alilinganisha nyota za mamia ya wanandoa ili aone kama zinaafikiana. Mwanzoni alidhani ameona kitu, lakini kadiri hesabu ya wanandoa ilivyoongezeka, matokeo yalirudi kuwa yale ya bahati nasibu. Tunaona hapo kwamba mtu anaweza kuifahamu vizuri lugha ya hadithi, na bado asipate ushahidi kwamba nyota zinaiongea.

Wala mtunzi wa hadithi si sawa na hadithi yake. Arthur Conan Doyle wa Uingereza alimwumba Sherlock Holmes, mpelelezi asiyekubali jambo lolote bila ushahidi. Lakini yeye mwenyewe uzeeni alihubiri mawasiliano na roho za wafu, na mwaka 1922 alichapa kitabu cha kutetea picha za vizimwi vidogo vyenye mabawa. Kumbe Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyemtunga Bwana Msa kwa kufuata mfano wa Holmes, alitangulia na jina la kutisha, "Mzimu wa Watu wa Kale", kitabu kilichotoka mwaka 1960. Maiti inakutwa penye mzimu. Msomaji anatazamia pepo. Bwana Msa anatafuta mtu, na mtu ndiye anayepatikana. Mzimu umekuwa mlango wa hadithi, lakini haukupewa kiti cha hakimu. Tunawaombea waandishi wetu wa leo hekima kama hiyo.

Sasa tuzitazame nyota zenyewe. Wazee wetu walizitazama, nao hawakuwa wajinga. Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, kimepata jina lake kutokana na kulima, kwa sababu kwacho mkulima alijua majira yake. Kitabu cha Mwanzo kinafundisha vivyo hivyo, kwamba mianga ya mbinguni iliwekwa ili kutambulisha siku, majira na miaka. Nyota iliyompa mkulima kalenda ilimtumikia. Haikumwambia kama atakuwa mwizi au mwaminifu, tajiri au maskini.

Ukurasa wa nyota za kuzaliwa unadai zaidi ya hapo, na dai lake halisimami hata kwa hesabu ya anga. Mhimili wa dunia huyumba polepole, ukimaliza mzunguko mmoja katika miaka ipatayo 26,000. Kwa sababu hiyo, tarehe zilizopangwa na watu wa kale zimeachana na makundi ya nyota. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Agosti huambiwa kuwa ni Simba, ilhali siku hiyo Jua limo katika kundi la Kaa. Wanajimu hujibu kwamba wao hufuata majira na siyo makundi yenyewe. Tunawauliza: kama ni hivyo, ni simba gani basi anayempa mtoto huyo ujasiri?

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliwaendea wanajimu katika ujana wake. Kilichomtoa huko ni, pamoja na mambo mengine, habari aliyosimuliwa na rafiki yake: wakati rafiki huyo alipozaliwa, mtumwa alizaliwa katika nyumba nyingine saa ileile. Nyota zilikuwa moja. Mmoja akaishi katika heshima na mwingine akabaki utumwani. Kilichowatenganisha hakikuwa mbinguni. Kilikuwa katika matendo na sheria za wanadamu.

Wako watakaotuambia, "Baba, huu ni mchezo tu. Tunasoma, tunacheka, tunapita." Tungefurahi kama ingekuwa hivyo kwa wote. Lakini tazameni matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo na yale yanayoletwa na simu: kusafisha nyota, kurudisha nyota iliyoibwa, kufungua nyota iliyofunikwa. Mama anayeuza mboga, mauzo yakipungua, anaambiwa jirani yake ameichukua nyota yake. Analipa fedha ya ada ya mtoto, na anarudi nyumbani akiwa na adui ambaye jana alikuwa jirani. Katika siasa pia tuliona. Kuelekea uchaguzi wa mwaka 2010, mnajimu mashuhuri Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alitabiri kwamba atakayempinga Rais Kikwete ndani ya chama chake angekufa ghafla. Utabiri wa namna hiyo hauhitaji nyota yoyote ili ufanye kazi. Hofu ya wasikilizaji inautosha.

Tena yapo machungu zaidi. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika nchi hii, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kwa sababu watu walisoma alama katika ngozi zao, kama wazee wa zamani walivyosoma alama katika meno ya mtoto. Ndiyo maana hatuwezi kulichukulia jambo hili kama mzaha. Saa ya kuzaliwa, jino, ngozi: anayekubali kwamba mtu huhukumiwa na alama aliyozaliwa nayo amekwisha kumfungulia mlango yule atakayekuja na kisu.

Kanisa linafundisha wazi, katika Katekisimu namba 2116, kwamba kutafuta nyota za kuzaliwa na aina zote za uaguzi ni mambo ya kukataliwa, kwa kuwa yanataka kuutawala wakati na watu, jambo lisilo la binadamu. Mtu atauliza juu ya mamajusi. Ni kweli, waliiona nyota, wakaifuata. Lakini nyota ile haikumtawala Mtoto wa Bethlehemu. Ilimtumikia, ikawaongoza wageni mpaka kwake. Nao walipokwisha kumwona, Mathayo anatuambia, walirudi kwao kwa njia nyingine.

Turudi Vugha. Hadithi ya Mbega ni shahidi dhidi ya sheria ya kigego. Kama alama ingekuwa hukumu, kigego angeuangamiza ukoo wake na mambo yangeishia hapo. Badala yake Washambaa walimpokea kwa kuangalia alichotenda: aligawa nyama, aliamua kwa haki, aliua mnyama aliyewatisha. Walakini tusiifanye hadithi hii kuwa sanamu. Wakilindi waliitumia pia kuhalalisha utawala wao, na baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862 wana wa ukoo huohuo wa simba walipigana wao kwa wao, na watu wengi wakauzwa utumwani. Washambaa walikuwa na maneno ya kuwapima: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa hayo, awe ametoka kwa simba au kwa nani.

Kwa hiyo, wazazi, msiwanyang'anye watoto hadithi. Wasimulieni ya Mbega, na mkiisha waulizeni: je, ndugu zake walitenda haki? Nanyi watunzi, tumieni majini, mizimu na nyota kadiri kipaji chenu kinavyowajalia, ila mhusika wenu mwacheni achague. Nanyi vijana, mchumba mpimeni kwa kazi yake, maneno yake na jinsi anavyowatendea walio dhaifu. Mwezi aliozaliwa hauwezi kuwaambia lolote juu ya hayo.