Waini nyeupe na msosi wa masika

Wiki hii tuko Kawe. Masika yanaelekea ukingoni na matembele yamechipua kila uwani. Wenzetu wa Ulaya majira kama haya ndipo wanapofungua waini nyeupe. Sisi je? Samaki tunaye, mboga tunazo, ila kijana akishika mshiko anakimbilia chupa ya nje, tamu kama sharubati, anainywa na changu wa kukaanga halafu analalamika eti waini haipandi!

Tafuta nyeupe kavu ya Dodoma. Kavu maana yake haina sukari ya kutajika, siyo kwamba imekauka. Zabibu nyeupe maarufu kule ni Chenin Blanc, asili yake bonde la Loire, Ufaransa. Afrika Kusini wanaiita Steen. Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, na mara ngapi tumesikia wakulima wakilia kwamba zabibu zinawaozea kwa kukosa mnunuzi? Wewe uko Kawe unasaka ya ng'ambo ili uonekane wa maana!

Iweke kwenye friji saa mbili hivi. Umeme ukikatika, ndoo ya maji na barafu inapoza haraka zaidi. Barafu ndani ya glasi, hapana, utaishia kunywa maji.

Sasa onja. Nusa kwanza, piga funda dogo, lizungushe mdomoni. Tafuna kipande cha changu, kisha rudia funda. Ule uchachu unakata mafuta kama ndimu inavyofanya, na mdomo unabaki safi ukitaka kipande kingine. Matembele ya nazi nayo yanakwenda na hiyo hiyo. Kasheshe ni pilipili mbuzi: pombe inauchochea ule moto. Hapo chagua yenye utamu kidogo, wala usione haya. Nyekundu iache kwa mbuzi choma, maana ukiinywa na samaki mara nyingi inaacha ladha ya chuma.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kistaarabu. Sista duu uliyemwalika akisema hanywi, mpe dafu, usimbembeleze. Na gari liache nyumbani. Barabara ya Mwai Kibaki usiku haina mchezo.