Sare Si Nauli

Safari ya mtu wa visiwani mara nyingi haiharibiki majini wala angani. Huharibika nchi kavu, katika kipande kifupi kilicho baina ya gati na uwanja wa ndege. Msafiri aliyelivuka Ziwa Victoria salama kutoka Kalangala hushuka Nakiwogo, akauona mji wa Entebbe mbele yake, akasikia na mngurumo wa ndege, kisha akajiambia kwamba amekwisha fika. Kumbe hajafika. Hana gari, hana mapatano na mtu yeyote, na saa inakwenda.

Leo tumeonelea tuzungumze na ndugu zetu askari wa jeshi na polisi juu ya kipande hicho cha njia. Tunazo sababu mbili. Kwanza, wao ni wasafiri kama wananchi wengine. Mwaka 2017 askari wa jeshi walipelekwa ziwani kuzuia uvuvi haramu, na polisi nao wana kazi zao visiwani. Likizo ikifika, au jamaa akisafiri ng'ambo, njia yao ni hiyo hiyo. Pili, wao ndio walinzi wa gati, wa barabara na wa lango la uwanja. Kwa hiyo kipande hiki kikiwa kibaya, wao huumia kama abiria na hulaumiwa kama walinzi.

Hatumsemi anayesafiri kwa amri. Huyo kikosi chake humpangia gari na dereva. Tunamsema aliye likizo, mwenye begi lake mkononi na tiketi aliyoinunua kwa fedha yake.

Tuchukue mfano wa koplo mmoja aliyeko kisiwani Bugala. Mdogo wake wa kike amepata kazi katika nchi za Ghuba, na tiketi imenunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba. Ndege itaruka saa tisa alasiri. Koplo anasema moyoni kwamba meli huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi, nayo huchukua yapata saa tatu na nusu ziwa likiwa tulivu. Basi saa tano na nusu watakuwa Nakiwogo, na uwanja upo karibu. Hesabu hiyo inapendeza, lakini ni ya mtu asiyeweka akiba. Mashirika mengi ya ndege huwataka abiria wa safari za nje wafike saa tatu kabla ya ndege kuruka, na kwa kawaida kaunta hufungwa saa moja kabla. Maana yake binti huyo anatakiwa awe uwanjani saa sita mchana. Nusu saa tu imebaki ya kushuka melini, kupakua mizigo, kutafuta gari, kubishana bei na kufika langoni, ambako abiria hukaguliwa kabla ya kulifikia jengo. Upepo ukivuma na meli ikachelewa saa moja, hesabu yote imevunjika.

Wala asijaribu mtu kumharakisha nahodha. Mwezi Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Nahodha anayengoja ziwa litulie, au anayekataa kupakia kupita kiasi, anafanya kazi yake. Ni juu ya msafiri kuacha nafasi ya kutosha. Shauri letu ni wazi: mwenye ndege ya alasiri asitegemee meli ya asubuhi hiyo hiyo, avuke siku moja kabla, alale Entebbe. Aidha, aulize mapema kama meli itasafiri siku hiyo, kwa kuwa chombo chochote huhitaji matengenezo. Meli isipokuwapo, njia iliyobaki ni kivuko cha Luku hadi Bukakata, kisha barabara ya Masaka, na kutoka Masaka mpaka Kampala peke yake ni yapata kilomita 130. Mwenye kuligundua hilo gatini, tiketi ikiwa mfukoni, amechelewa kuuliza.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Kamanda hapeleki kikosi mahali kabla ya kujua magari ni mangapi, dereva ni nani, mizigo ina uzito gani, na wakutane wapi saa ngapi. Lakini kamanda huyo huyo akienda likizo hushuka gatini na kuanza kuuliza huku na huko, akizungukwa na wapiga debe. Yafaa nidhamu ya kambini isiishie kwenye geti la kambi.

Gari la kukodi lipatanwe kabla ya kupanda meli, mtandao wa simu ukiwa bado unapatikana. Mapatano yawe na mambo yake yote. Jina la dereva, namba ya gari na rangi yake vijulikane. Bei itajwe kuwa ni ya gari zima au ya kila kichwa, na isemwe nani atalipa ada ya maegesho uwanjani. Mizigo itajwe, maana mtu mwenye magunia mawili ya samaki wakavu hawezi kuingia katika gari dogo lenye abiria wengine watatu. Mahali pa kukutana patajwe kwa alama isiyohama: kwenye mlango wa gati, si "pale pale tunapokutana siku zote". Na jambo linalosahauliwa kuliko yote ni hili: meli ikichelewa, dereva atangoja muda gani, na kwa malipo gani? Dereva naye ana watoto wa kulisha. Saa mbili za kungoja bure ni mkate wake uliopotea.

Kuna mtego mwingine ambao sisi wasemaji wa Kiswahili tunajitegea wenyewe. Tiketi ya ndege huandikwa kwa saa za kizungu, nasi husema kwa saa zetu. Tiketi ikiandika 03:00, hiyo ni saa tisa usiku. Wengi wameisoma wakasema "saa tatu", na dereva akaja saa tatu asubuhi wakati ndege imekwisha ondoka. Vivyo hivyo, ndege iliyoandikwa tarehe 15 saa 00:30 huruka saa sita na nusu ya usiku ule unaofuata mchana wa tarehe 14. Anayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 15 anakwenda kuangalia kiti kilichoruka bila yeye. Basi mwambie dereva saa kwa Kiswahili, mtumie na saa ya tiketi kwa maandishi, kisha umwombe ayarudie maneno yako. Askari wa mawasiliano anajua kwamba ujumbe usiorudiwa haujafika.

Kuhusu malipo, si busara kumlipa mtu usiyemjua fedha zote kabla hujamwona. Toa arbuni kidogo kwa simu, uhifadhi ujumbe wa malipo, na kilichobaki ulipe mkifika. Lakini ukilipa arbuni, njoo. Ukibadilisha safari, mpigie dereva mapema. Ahadi ni deni, na deni halifutwi na cheo.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu. Wapo wenzetu, si wengi, wanaodhani kwamba sare ni nauli. Hutoka gatini, hufungua mlango wa gari la mtu, hukaa kiti cha mbele na kusema, "Twende uwanja wa ndege." Dereva hathubutu kuuliza bei. Husema, "Sawa, afande," akaendesha kwa mafuta yake mwenyewe, na mwisho wa safari akapewa "ahsante" au asipewe hata hiyo. Pengine abiria aliyekuwa amelikodi gari hilo tangu jana amebaki gatini akilisindikiza kwa macho. Huo si msaada alioutoa dereva. Ni unyang'anyi mdogo uliovaa nguo za serikali.

Wananchi wa nchi hii hawajasahau. Katika miaka ya 1971 hadi 1979, wakati wa utawala wa Idi Amin, mtu aliyekuwa na gari zuri aliogopa kumwona mwenye bunduki akilikaribia. Wengi walinyang'anywa magari yao, na wako walionyang'anywa uhai pamoja na gari. Wazee waliokuwa madereva wakati ule waliwasimulia wana wao, na baadhi ya wana hao ndio wanaoshika usukani leo. Dereva anaposema "sawa, afande" kwa sauti ya chini, huenda anayakumbuka aliyosimuliwa na baba yake. Kila askari anayelipa nauli yake kwa hiari anaufuta mstari mmoja wa kumbukumbu hiyo mbaya. Kila anayekataa kulipa anauandika upya.

Wala gari la kikosi si jawabu la jambo la nyumbani. Mafuta yaliyomo yamelipiwa na mwananchi ili doria ifanyike na mgonjwa afikishwe hospitali. Gari hilo likienda kumsindikiza shemeji uwanjani, kuna kijiji kitakachopiga simu usiku na kuambiwa kwamba gari halipo.

Wenzetu wanaopelekwa mafunzoni Tanzania wanalijua jambo hili vizuri kwa sababu wamelionja. Mwisho wa juma wengine huvuka kwenda Unguja kutembea, kisha hurudi kwa boti hadi gati ya Dar es Salaam, safari ya yapata saa mbili, na kutoka hapo huunganisha moja kwa moja kwenda uwanja wa Julius Nyerere. Uwanja huo uko kilomita 12 hivi kutoka katikati ya mji, lakini msongamano wa Barabara ya Nyerere unaweza kuzigeuza kilomita hizo kuwa safari ndefu, ijapokuwa daraja la juu la TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, limepunguza adha. Tena yapasa kumwambia dereva ni jengo gani, maana tangu mwaka 2019 safari za nje zina jengo lake jipya, Jengo la 3, na kupelekwa jengo lisilo lako ni kupoteza dakika usizokuwa nazo. Kule afisa wetu hajulikani na mtu. Hana sare, ni abiria tu. Naye hupatana bei kwa adabu, humwita dereva "kaka" au "mzee", na hulipa akashukuru. Kama twaweza kufanya hivyo ugenini, kwa nini tusifanye nyumbani?

Tumalizie kwa wale walio zamu. Ndugu polisi uliye gatini, abiria anaposhuka amechoka, ana mizigo, na pengine ana watoto. Wapiga debe wakimvuta huyu begi na yule mkono, wewe ndiye sheria iliyo karibu naye. Wapange madereva kwa foleni, na aliyekwisha patana na dereva wake aachwe aende kwake. Usipokee chai ili gari la fulani litangulie, kwa maana siku hiyo umekuwa mpiga debe mwenye bunduki. Mwangalie zaidi mwanamke anayesafiri peke yake usiku; usaidizi wa dakika mbili, wa kuitazama namba ya gari na kulijua jina la dereva mbele ya abiria, huweza kuzuia uhalifu ambao baadaye ungekugharimu wiki ya upelelezi.

Na wewe uliye barabarani, kosa la kweli lishughulikiwe kisheria: dereva mlevi asipite, na gari bovu lisipite, hata kama abiria analia kwamba anachelewa. Lakini ukaguzi wa kawaida ufanywe upesi. Kumsimamisha mtu robo saa nzima ukimtazama mfukoni ni kumwibia abiria aliye kiti cha nyuma, ambaye hakukukosea neno.

Kwa ufupi, tunatoa wito kwa makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi walio kando ya ziwa. Wawakumbushe askari wao, kabla hawajatia saini karatasi ya likizo, mambo matatu: wapange gari mapema, walipe bei waliyopatana, na waiache silaha na mamlaka kambini. Si vibaya kila kituo kikawa na orodha ya madereva waaminifu wa Entebbe, ili askari asianze kutafuta wakati meli imekwisha tia nanga.

Turudi kwa yule koplo. Akiyafuata haya, mdogo wake atalala Entebbe, atachukuliwa kwa saa aliyopatana, na atapita langoni bila ya kukimbia. Dereva ataondoka na fedha yake mfukoni. Na siku nyingine akimwona mtu mwenye sare akishuka gatini, hatageuza gari na kukimbia. Atasogea karibu na kusema, "Karibu, afande," na safari hii atakuwa anasema kwa moyo wake wote.