Msimu wa mfuko mtupu: nani alibaki na Yanga?



Juma hili tunaongea juu ya mpira. Tunajua wengine kati yenu wanataka sasa hivi kugeuza ukurasa na kurudi kwenye sombe yao. Ngojeni kidogo. Katika nyumba nyingi za Ubundu mpira umeshaingia jikoni. Ni feza inayotoka nyumbani kwenda kulipa kiingilio cha nyumba ya video. Ni mtoto anayechelewa kurudi jioni. Ni baba asiyesema neno mpaka asubuhi kwa sababu timu yake imefungwa. Tena ndani ya mpira kuna habari moja inayofaa kila kundi la wamama lenye sanduku la likelemba: habari ya watu wanaobaki na timu yao wakati timu haina feza.

Tuanzie mbali, Italia. Wengi wetu jina la timu ya Italia tulilishika tarehe 18 Desemba 2010. Siku ile TP Mazembe ya Lubumbashi, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, ilicheza na Inter ya Milano kule Abu Dhabi. Kipa wetu Kidiaba, yule wa kurukaruka kwa matako, hakupata nafasi ya kuruka. Tulifungwa 3-0. Tangu siku ile watu wengi wanafikiri timu za Ulaya zina mifuko isiyokauka.

Lakini katika Italia hiyohiyo kuna mji unaoitwa Parma. Timu yake iliinuliwa na kampuni ya maziwa, Parmalat, ikachukua Kombe la UEFA mwaka 1995 na 1999. Mwisho wa mwaka 2003 kampuni ile ya maziwa ikaanguka kwa madeni. Timu ikabaki kama mtoto aliyeachiwa jirani, ikapita mikono hii na ile. Katika msimu wa 2014-2015 iliuzwa kwa euro moja, bei ya sabuni. Wachezaji walikaa miezi bila mshahara, na kuna mechi zilizoahirishwa kwa sababu hakukuwa na feza ya kufungua kiwanja. Mwezi wa tatu 2015 mahakama ikasema timu imefilisika. Ikashushwa mpaka daraja la nne.

Mashabiki walifanya nini? Walinunua tiketi za msimu zaidi ya 9,000, kwa mpira wa daraja la nne! Kapteni, Alessandro Lucarelli, alikataa kuhama akashuka nayo. Miaka mitatu baadaye, 2018, Parma ilikuwa imepanda daraja baada ya daraja mpaka juu tena, na Lucarelli alikuwa bado yumo.

Sasa turudi karibu na kwetu.

Nyumba yenye nguzo moja

Yanga ya Dar es Salaam ilizaliwa mwaka 1935. Jezi yake ni ya kijani na manjano, makao yake yako Kariakoo, na vijana wetu wanaijua vizuri kwa sababu Wakongomani wengi wamecheza pale. Kwa miaka kadhaa Yanga ilimtegemea tajiri mmoja, Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti wake. Katika miaka hiyo ilichukua ubingwa wa Tanzania mara tatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Wachezaji walilipwa, safari zilipangwa, na watu hawakuuliza sana feza inatoka wapi.

Mwezi wa tano 2017 Manji akajiuzulu. Kilichofuata, kila mama anayejua nyumba yenye mtu mmoja tu wa kuleta feza anaweza kukisimulia bila kusoma gazeti. Mishahara ikachelewa. Wachezaji wakaanza kununa, wengine wakaondoka. Ubingwa ukaenda kwa Simba, jirani na mpinzani wao, ambao kwa wakati ule walikuwa wamepata tajiri wao. Yanga ikamaliza ya tatu.

Katika hali hiyo, mwaka 2018, akaja kocha Mkongomani, Mwinyi Zahera, aliyekuwa pia msaidizi wa Florent Ibenge katika timu yetu ya taifa. Pale katikati ya kiwanja alikuwepo Mkongomani mwingine, Papy Kabamba Tshishimbi, na mbele kulikuwa na Heritier Makambo. Zahera alikuta sanduku tupu. Hakukaa kimya. Alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema wazi kwamba klabu haina feza, akawaomba mashabiki wachange. Nambari za simu za kutuma feza zikatangazwa. Mashabiki wakaanza kutuma, kila mtu kwa uwezo wake.

Msimu ule haukuwa mtamu. Kipa mmoja aligoma akidai mishahara yake. Kocha akamweka pembeni, na mwishowe akahamia Simba. Sisi hatumlaumu kipa yule. Katika nchi yetu mwalimu anajua maana ya kushika chaki miezi mingi akingoja mshahara. Anayedai jasho lake hajakosa upendo. Lakini tuwaangalie pia wale waliobaki. Ligi ile ya 2018-2019 ilikuwa na timu 20, mechi 38. Yanga, timu ya kuchangiwa kwa simu, ilimaliza ya pili na pointi 86. Simba ilichukua ubingwa na pointi 93. Pointi saba tu zilitenganisha mfuko mnene na mfuko mtupu. Makambo alifunga mabao 17. (Na Simba ile yenye feza ilikuja Lubumbashi mwezi wa nne 2019 katika robo fainali ya Afrika, Mazembe wakaifunga 4-1. Hilo tunaliandika kwa furaha yetu tu.)

Msimu ulipokaribia kwisha, wanachama wakachagua uongozi mpya, kisha wakafanya harambee kubwa ya kusajili wachezaji, na kampuni ya GSM ikaingia kusaidia. Tusidanganyane: michango ya simu peke yake isingejenga timu kubwa. Ilichofanya ni kuiweka timu hai mpaka msaada mkubwa ulipofika. Mwaka 2022 Yanga ikarudisha ubingwa bila kufungwa mechi hata moja katika ligi. Mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na mfungaji bora wa kombe lile alikuwa Fiston Mayele, Mkongomani, mabao saba. Zahera hakuwepo tena. Aliachishwa kazi mwezi wa kumi na moja 2019. Ndivyo mpira ulivyo. Anayepanda mwembe si lazima awe ndiye anayekula maembe.

Na sanduku letu?

Wamama, sasa tuache kiwanja tuingie katika kundi. Tumeona makundi, hapa Ubundu na kule Kisangani, yaliyozaliwa siku mradi ulipofika na kufa siku gari la mradi lilipoondoka. Tumeona pia likelemba iliyosimama kwa sababu mama mmoja mwenye biashara kubwa ya mawese na mchele ndiye aliyeziba kila shimo. Alipopanda mashua kwenda kuishi Kindu, kundi lilijikuta kama Yanga ya 2017. Wengine wakasema: "Basi, kundi limekufa, tugawane kilichobaki." Katika sanduku lile kulikuwa na feza ya wajane, ya wazazi waliokuwa wakingoja kulipa mashule, na ya dada mmoja aliyekaribia kujifungua.

Kundi likifika hapo, tunaona mambo matatu ya kujifunza kwa mashabiki wa Yanga.

La kwanza, kiongozi aseme ukweli mapema. Zahera hakungoja wachezaji wakimbie wote ndipo aseme sanduku ni tupu. Mwekahazina anayeficha shimo kwa aibu analichimba zaidi. Siku feza inapopungua, wamama waitwe, waambiwe kiasi gani kimebaki na nani anadai. Ukweli unauma siku moja. Maficho yanavunja urafiki wa miaka.

La pili, mchango uwe na jina na daftari. Shabiki anayetuma feza ana haki ya kujua imelipa nini: chakula cha kambi, tiketi za safari, au mshahara. Vilevile kwetu. "Changeni kwa ajili ya kundi" haitoshi. Semeni: "Tunatafuta franka kiasi hiki ili kumlipa dada fulani zamu yake kabla hajajifungua." Anayepokea aandike, na mwingine asome kwa sauti siku ya mkutano. Kama katika kundi kuna mama asiyejua kusoma, msomeeni jina lake na kiasi chake mpaka aseme ameridhika. Daftari lisilosomwa ni karatasi ya kufungia karanga.

La tatu, tajiri akaribishwe, lakini nyumba ibaki ya wenyewe. Hapa Watanzania wametuachia kipimo kizuri. Serikali yao iliweka sharti kwamba klabu ya wanachama ikimkaribisha mwekezaji, wanachama wabaki na asilimia 51. Yaani mwenye feza anakaa mezani, anasikilizwa, lakini neno la mwisho si lake peke yake. Mradi ukija kesho na mashine ya kusaga mihogo, tuupokee kwa shukrani, tupige na vigelegele. Lakini mchango wa kila juma usisimame hata siku moja, hata kama ni franka kidogo. Ule mchango mdogo ndio asilimia 51 yetu. Siku mashine ikienda, sisi bado tupo. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kidole kinene pia ni kidole kimoja.

Neno kwa nyumba yenye shabiki

Wengine mtasema: "Mwalimu, mnasifu watu wanaotoa feza kwa mpira, na nyumbani kwangu baba anatoa feza kwa mpira na watoto wanalala njaa." Tutenganishe mambo mawili. Shabiki anayechanga anatoa feza yake mwenyewe, anajua haitarudi, na anaitoa baada ya chungu kukaa juu ya mafiga. Anayecheza parifoot anatafuta feza ya haraka, na mara nyingi anaitoa kabla ya chungu. Huyo wa pili haipendi timu, anapenda tiketi. Timu ikifungwa anaitukana. Mwambieni polepole, wakati ametulia, si dakika ile timu imefungwa. Kwanza chakula, dawa na shule, halafu mpira. Baba anayekubali mpango huo, mwacheni aimbe kwa timu yake. Furaha ya bei ndogo nayo ni dawa.

Tena tunawaza vijana wetu wanaotaka kuwa Mayele. Tusiwakatie ndoto. Tuwaambie tu habari yote: Mayele wanaomuona akicheza ngoma baada ya bao ni mmoja, na nyuma yake wapo wengi waliocheza misimu mizima bila kulipwa. Kijana anayecheza vizuri amalize shule, ajue kusoma mkataba kwa Kifaransa kabla ya kutia sahihi, ajue kuhesabu miezi anayodai. Mkataba usiousoma ni deni. Na msichana anayepiga mpira katika uwanja wa shule, neno hilohilo ni lake pia.

Tunarudia swali la kichwa chetu: nani alibaki na Yanga? Walibaki waliokuwa wakiimba tangu zamani, wale wasio na jina katika gazeti, waliotuma walichokuwa nacho bila kujua kama timu itapona. Hawakuwa na uhakika wowote. Walikuwa na kocha aliyewaambia ukweli, na walikuwa wengi. Kundi letu la wamama linaweza kuwa na vitu hivyo viwili hata leo, bila kungoja treni ya Kisangani ituletee chochote.

Maswali ya kuzungumza katika kundi juma hili:

1. Mama anayechanga zaidi katika kundi letu akihama kesho, likelemba itasimama miezi mingapi?
2. Mara ya mwisho daftari lilisomwa kwa sauti ilikuwa siku gani? Nani alilisikia?
3. Katika nyumba zetu, feza ya mpira inatoka kabla ya chungu au baada ya chungu?

Wekeni majibu kwa maandishi, hata mistari miwili, mtuletee siku ya mkutano. Tutayasoma pamoja, bila kutaja majina. Mbaki na amani, na msalimie mashabiki wa nyumbani.