Kufundisha Habari za Bakteria kwa Kutumia Mimea ya Dawa

Katika somo la Sayansi, bakteria hutajwa zaidi wakati wa kufundisha maradhi. Mtoto huelezwa kwamba wako viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, kwamba huleta kipindupindu na kifua kikuu, na kwamba hana budi kunawa mikono. Hayo ni kweli na yana maana kubwa. Lakini kwa maoni yetu, mwalimu akomeaye hapo amefundisha hofu, hajafundisha sayansi.

Mwalimu wa Kanyenye, hapa Tabora, hana haja ya kutafuta mifano mbali. Miarobaini imo mjini, na katika misitu ya miombo umo mninga, ambao gome lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Wazee huitumia miti hiyo kwa dawa. Ndani ya majani na mizizi ya mimea wamo bakteria wasioidhuru. Wengine huusaidia mmea kupata chakula. Wengine hutengeneza kemikali kali. Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani walitangaza maitansini, kemikali yenye nguvu ya kuua chembe za saratani, waliyoipata katika mmea wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Mwaka 2014 watafiti wengine walionyesha kwamba katika mizizi ya Putterlickia, mmea wa ukoo huo huo, maitansini hutengenezwa na bakteria waishio humo. Kumbe swali la "dawa hii yatoka wapi?" si jepesi.

Maabara hulijibu hivi. Jani huoshwa, hutiwa katika spiriti na maji ya klorini ili bakteria wa nje wafe, kisha husuuzwa kwa maji yasiyo na kijidudu chochote. Ndipo hukatwa vipande na kuwekwa juu ya agari. Mtafiti makini huongeza jambo moja: maji ya mwisho ya kusuuzia nayo huyatia katika sahani nyingine. Bakteria wakiota humo, kazi hurudiwa, kwani hajui tena kama aliowapata walitoka ndani ya jani au katika vumbi la nje.

Uangalifu huo ndio tunaotaka walimu wanafunzi waende nao darasani. Hatushauri kuotesha bakteria shuleni, maana wa maradhi huweza kuota pamoja nao. Wala watoto wasiruhusiwe kuonja majani. Karanga zatosha. Msimu wa mvua, watoto wang'oe mche wa karanga na mche wa mahindi, kisha walinganishe mizizi. Wa karanga utakuwa na vinundu; wa mahindi hautakuwa navyo. Mwalimu asiharakishe kueleza, bali aulize: "Tutajuaje kwamba hivi si udongo ulioganda?" Watoto waoshe, wasugue, waone. Kisha wakate kinundu: kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wamo kazini wakiupatia mche naitrojeni ya hewani. Bakteria wa vinundu walitengwa na Beijerinck wa Uholanzi mwaka 1888.

Wapo walimu wanaodharau dawa za wazee, na wapo wanaozisifu pasipo kuzipima. Wote humnyima mtoto nafasi ya kuuliza. Tunawasihi walimu wanafunzi wasifuate njia yoyote kati ya hizo mbili, bali wamzoeze mtoto kuuliza, kuosha, kulinganisha, na kungoja jibu.